Mijusi wa Ndevu na Senene wa Mzee

Mjusi kwetu hakaribishwi. Anaingia mwenyewe, anapanda ukuta, anadondosha uchafu wake kwenye kitambaa cha meza, na mwenye nyumba anachukua ufagio. Mimi nimeua mijusi tangu nikiwa msichana kule Muleba, na sijawahi kuungama jambo hilo, kwa sababu najua padri naye anao ufagio.

Kwa hiyo waliposikia hapa Ijuganyondo, Bukoba, kwamba nimepokea mijusi wawili, nimewawekea taa na ninawakatia mboga, watu walisema uzee umenifika. Wengine walisema si uzee, ni kitu kingine, na hao wakaacha kuja kunywa chai kwangu. Chai ikabaki nyingi. Sikulalamika.

Mambo yalianzia dukani Miembeni. Pale kuna mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye nimenunua vitenge kwake tangu nikiwa na mtoto mgongoni. Zamani maduka yao yalijaa mtaa mzima. Sasa wengi wamehama, na milango yao imekuwa vibanda vya kusajili laini za simu. Yeye alibaki. Anajua Kihaya kuliko wanangu niliowasomesha. Mimi namwita Mama Duka, yeye ananiita Dada, na tumebishana juu ya kitambaa kwa miaka mingi mpaka ubishi umekuwa undugu.

Siku hiyo alinivuta ndani, akaegesha mlango.

"Dada, macho yangu yamekwisha. Naenda India kutolewa huu utando."

"Nenda. Macho ni yako."

"Na mijusi je?"

Nilifikiri utando umefika kichwani. Akanipandisha ghorofani kwake akanionyesha. Walikuwa wa mjukuu wake, binti aliyelelewa mle juu ya duka mpaka wazazi wake walipohamia Kanada. Baba mtu aliwanunua Dar es Salaam kwa watu wanaowafuga, ili mtoto aache kutazama simu. Mtoto akaacha simu, akawa anatazama mijusi. Siku ya safari ndege ikakataa mijusi, na bibi akabaki nao.

"Akipiga simu hanijulii hali," Mama Duka alisema. "Anauliza mijusi. Krismasi anakuja. Usinidanganye kwamba anakuja kwa ajili yangu, maana hata mimi sijidanganyi. Anakuja kuwaona hawa. Wakifa, Dada, atafuata nini Bukoba? Kuja kumtazama kikongwe na marobota ya vitenge?"

Alisema hayo akikunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Watakuwa hai," nikamwambia.

Mimi neno langu nikilitoa silirudishi, hata likiwa la kipumbavu. Ndiyo hasara ya kulelewa na mama mkali.

Nyumba yao ilikuwa sanduku refu la kioo, limegawanywa katikati kwa ubao, mjusi mmoja huku na mwingine huko, na juu taa mbili. Tulilibeba kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva aliniuliza wanakula nini. Nikamjibu kwamba mpaka sasa hawajakataa kitu. Akaendesha mpaka Ijuganyondo bila kugeuka nyuma tena.

Niseme walivyo, kwa asiyewajua. Ni mijusi wanene, kuanzia kichwa mpaka ncha ya mkia wanafika urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Rangi yao ni ya jani la mgomba lililokauka. Wamebapa kama walikanyagwa wakiwa wachanga, wana miiba ubavuni, na chini ya kidevu wana ndevu za miiba. Mmoja alikuwa mkubwa, mwenzake mdogo kidogo. Yule mkubwa alinitazama kama ofisa anayesubiri nimwamkie.

Mzee wangu, mume wangu wa ndoa, alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Alistaafu, na tangu hapo kazi yake ni kukaa kwenye kiti uani kulinda kahawa iliyoanikwa, isiliwe na mvua wala kuparuliwa na kuku. Alisimama, jambo ambalo halifanyi ovyo, akaja kuchungulia.

"Mama, hawa ni wa kuliwa?"

"Ni wa kutunzwa."

"Na wenyewe wanatunza nini?"

Nikatafuta mahali pa kuchomeka taa zao. Sebuleni tuna soketi moja nzima, nayo ilikuwa ya redio yake. Redio ikahamia kwenye betri, na mzee akahamia kwenye kununa.

Sasa ule ubao wa katikati uliniudhi tangu nilipouona. Niliambiwa ni ndugu, wametoka kwa mama mmoja. Nani anajenga ukuta kati ya mtu na mdogo wake? Kwetu Muleba tulilala watoto wote kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule, na hakuna aliyekufa kwa baridi. Nikasema haya ni mambo ya watu wenye vyumba vingi. Nikauchomoa. Ulikuwa ubao mzuri, nikaukata, nikatengenezea mlango wa banda la kuku. Na taa mbili za nini kwa ndugu wawili wanaokaa pamoja? Ya pili nikaipeleka kwa vifaranga, nao wakaifurahia mpaka ikaungua. Halafu nikakata nyasi mbichi nikawatandikia sakafuni, kama tunavyomtandikia mgeni wa Krismasi. Nikasimama nikatazama kazi yangu. Nilijipongeza, maana hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Yule binti alikuwa anapiga simu asubuhi zetu, kwao usiku. Simu yetu ni ndogo, ya kusikia tu.

"Bibi, wana joto?"

"Wanalo."

"Upande mmoja uwe wa moto kabisa, wa pili upoe, ili wachague wenyewe."

"Wameshachagua."

"Mboga wanakula?"

"Nawakatia sukuma wiki, boga na karoti. Babu yako hajawahi kukatiwa karoti."

"Usiwape parachichi. Ni sumu kwao."

Nilitazama nje. Parachichi zilikuwa zinaanguka kwenye bati moja baada ya nyingine. Nikamhurumia kiumbe ambaye Mungu amemleta Kagera halafu akamkataza parachichi.

"Wala kimulimuli, Bibi. Hata mmoja anaua."

"Na nyasi je?"

"Nyasi gani?"

"Nilizowatandikia."

Akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto.

"Bibi, naomba utoe nyasi. Weka magazeti."

Mzee ana magazeti ya zamani ambayo huyasoma upya kila mwaka ili aone kama kuna kilichobadilika. Nikachukua ya juu. Picha za waheshimiwa zilielekea juu, wala sikuzipanga mimi, na mijusi wakayatumia kwa namna yao. Habari ya ubao mtoto hakuuliza. Nani angeuliza? Ni kama kumpigia mtu simu umuulize kama nyumba yake bado ina paa.

Mtu wa kwanza kuja kupeleleza alikuwa jirani yangu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, mwanamke anayesali kwa sauti na mwenye simu kubwa. Alikuja na rozari mkononi kuona kama nimeanza uchawi. Akasogea, akachungulia, akasahau rozari.

"Waitu, huyu mkubwa nimemfananisha."

"Na nani?"

Akageuka kumtazama mzee wangu, aliyekuwa amelala kwenye kiti juani, mdomo wazi.

"Sisemi."

Hakuhitaji kusema. Yule mjusi mkubwa, taa ikiwaka tu, alikuwa anapanda jiwe lililo chini yake na kulala tumbo chini, mdomo wazi. Hafanyi kazi yoyote. Mtu akipita anatikisa kichwa juu chini, juu chini, kama anayepitisha hoja mkutanoni. Akiudhika shingo inavimba na ndevu zinakuwa nyeusi. Mimi nimeishi na mambo hayo tangu niolewe, kwa hiyo nilijua dawa yake: mpelekee chakula na usimsemeshe.

Mdogo alikuwa tofauti. Mkubwa akitikisa kichwa, yeye anainua mkono mmoja juu, anauzungusha polepole, anaushusha.

"Huyu ana adabu," nilimwambia jirani. "Anamwamkia mkubwa wake."

Tena walikuwa wanalala chini ya taa mmoja juu ya mwingine, mkubwa juu, mdogo chini, wamebanana. Nilimwita mzee aje aone.

"Tazama upendo."

Alitazama, akarudi kwenye kahawa yake.

Halafu mvua zikaleta senene. Kwa mgeni asiyejua, senene ni panzi anayekuja na mvua za mwisho wa mwaka. Tunamwokota alfajiri kwenye nyasi, jua halijakausha mabawa yake, tunamnyofoa mabawa na miguu, tunamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Katika nyumba ya mama yangu mwanamke aliokota, alinyofoa, alikaanga na akaweka mbele ya mwanamume. Yeye hakula. Zawadi yake ilikuwa nguo mpya, kama mwanamume ana kumbukumbu nzuri. Siku hizi wasichana wanakula senene ndani ya basi, kwenye kifuko, wakipiga soga. Sijawazuia. Ila mimi sili. Hakuna aliyenikataza katika ndoa hii, na hakuna aliyenikaribisha pia. Mzee anakula peke yake, kimya, sahani ikiisha anaomba maji, anakunywa kopo zima. Hizo ndizo sifa zake kwa mpishi.

Nikawapa mijusi wangu senene hai, nikifuata njia ile ile. Nilimshikia mkubwa kwanza, mmoja baada ya mwingine, mpaka ageuze uso. Waliobaki ndio wakawa wa mdogo. Mdogo akisogea kabla, mkubwa alitikisa kichwa na ndevu zikawa nyeusi, na mdogo akapunga mkono akarudi pembeni.

"Adabu," nilisema tena. Kwetu mkubwa hula chakula na mdogo hula heshima, na mimi niliona heshima imejaa tele katika sanduku lile.

Ila mdogo alianza kupungua. Shina la mkia lilibonyea, rangi ikawa ya majivu, akawa anafumba macho mchana. Nikasema anakumbuka kwao. Baadaye nikasema senene wa huku hawatoshi. Nikampigia mdogo wangu aliyeolewa Muleba, ambako wanaanguka kwa wingi zaidi, aniletee kwa basi. Nikaenda stendi kupokea. Ndoo ilikuwa imefungwa vizuri kwa kitenge, na ilikuwa inanukia vitunguu.

Nilimpigia pale pale stendi.

"Nilikuomba wazima!"

"Dada, nani anamtumia mkubwa wake senene wenye mabawa? Unataka shemeji aseme tulilelewa porini?"

"Si wa shemeji. Ni wa mjusi!"

Akaanza kunibembeleza kama mgonjwa.

"Dada, bojo, umekula leo?"

Mzee alikula ndoo yote, na maji ya mtungi yakaisha.

Nikabaki na wasiwasi, lakini pia na majivuno, na hivyo viwili vikikaa pamoja havileti akili. Nikamwita jirani aje na simu yake kubwa apige picha mijusi wakiwa wamelaliana, amtumie yule binti Kanada, ili aone jinsi ninavyowalea kwa upendo. Jirani akapiga picha. Akaweka na mioyo myekundu.

Simu yangu ililia kabla hajamaliza kujisifu.

"Bibi, ubao uko wapi?"

"Ubao gani?"

"Wa katikati!"

Nilitazama dirishani. Kuku alikuwa anatoka bandani kwa mlango wake mpya.

"Niliwaunganisha," nikasema. "Ni ndugu. Wanakumbatiana."

"Hawakumbatiani, Bibi! Mkubwa anamkalia mwenzake ili achukue joto lote yeye. Yule wa chini anapata baridi, na akikosa joto chakula hakisagiki tumboni. Hawa hukaa kila mtu peke yake. Wote wako hivyo."

"Lakini anamsalimia. Anapunga mkono."

"Hasalimii." Sauti yake ikawa ndogo. "Anaomba asipigwe."

Nilikuwa na kisu mkononi na nusu ya karoti. Niliviweka chini.

"Atakufa?" aliniuliza yeye, wakati mimi ndiye niliyetaka kumuuliza.

"Sijui, mjukuu wangu."

Akalia. Huko kwao ulikuwa usiku, na nadhani alikuwa amejifunika ili baba yake asisikie. Kisha akasema, "Kama atakufa, naomba mniambie mapema, kabla ya safari. Nisije."

Jirani alikuwa amesikia yote, maana simu yetu ndogo ina sauti kubwa. Alikusanya rozari yake, akaondoka bila kuaga.  Mzee akaingia kutoka uani.

"Kuna nini?"

Nikamweleza. Kwamba mkubwa anakula kwanza. Kwamba mkubwa analala penye joto, na mwenzake yuko chini ya tumbo lake. Kwamba tulichoita adabu ni woga. Mzee alitazama sanduku, akanitazama mimi.

"Sasa mimi nimefanya nini?"

"Sijakutaja."

"Umenitazama."

"Nina macho."

Ubao ulikuwa umeshakatwa na hautoshi tena. Nyumba ya pili ilihitajika siku hiyo hiyo. Na sebuleni kwetu kuna, au kulikuwa na, kabati la vioo. Ndani yake mzee aliweka vyeti vyake vya ushirika, kikombe walichompa alipostaafu, na sahani za wageni wakubwa ambao hawajawahi kufika. Nikalifungua, nikaanza kutoa.

"Mama! Hicho cheti kimesainiwa!"

"Na kitabaki kimesainiwa hata chini ya kitanda."

Alisimama akavimba shingo. Ndevu zake ni nyeupe, haziwezi kuwa nyeusi, lakini zilijitahidi.

Nikalilaza kabati chali, milango ya kioo ikaangalia juu. Nikatandika gazeti, nikaweka jiwe bapa. Nikachukua bodaboda kwenda Miembeni kutafuta balbu ya joto, hizi wanazonunua wafuga kuku. Duka la rafiki yangu lilikuwa limefungwa. Nilipita mbele yake harakaharaka kama mtu anayemkimbia aliyemuahidi. Mlango tu ule, lakini niliona haya.

Binti alinielekeza zaidi kwa simu. Alisema balbu hiyo inaleta joto tu, haina ule mwanga unaoimarisha mifupa. Jua lenyewe linashinda taa zote. Kwa hiyo asubuhi kukiwa na jua nilimfunga mdogo kamba laini ya kitambaa kifuani, nikampeleka uani, nikamweka kwenye mkeka wa kahawa, ile ya mwisho ya msimu. Kahawa kavu nyeusi inashika joto kuliko kitu chochote. Alijibandika pale kama kiraka, amefumba macho.

"Na huyu nimlinde?" mzee aliuliza.

"Una kazi nyingine?"

"Asipofanana na kahawa nitajuaje?"

"Kahawa haina miguu."

Siku ya kwanza aliweka kiti mbali, akageuka upande wa barabara ili wapita njia wasidhani wanafahamiana. Watu wakapita, wakamsalimia mjusi kwanza. Mwewe naye akaja kuzunguka juu, na mzee akasogeza kiti karibu, na fimbo. Wingu likija alikuwa anakunja mkeka kwa mkono mmoja na mkono wa pili amembeba mjusi, akinung'unika kwamba hakusomea haya. Asubuhi moja nilimsikia anasema peke yake. Nikachungulia. Alikuwa anamweleza mjusi jinsi kahawa ilivyopimwa unyevu wakati wao, si kama siku hizi. Mjusi alisikiliza yote. Mimi sijawahi.

Lakini hakula. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilikwenda kwenye nyasi alfajiri pamoja na wanawake wengine, migongo imeinama, umande mpaka magotini. Jirani yangu aliniona na kopo.

"Wa mzee hao?"

"Wa mdogo."

"Na mzee?"

"Ana meno. Atafune subira."

Wakacheka mpaka senene wakaruka. Nami nikacheka, kisha nikaendelea kuokota, maana siku za safari ya yule mtoto zilikuwa zinakaribia na ningelazimika kusema jambo moja kati ya mawili.

Niliporudi nyumbani mzee alikuwa amekaa mezani, amenawa mikono, kama kawaida ya msimu. Nikampita.

"Mama?"

"Subiri."

"Nasubiri nini?"

"Mwenzako ale."

Nilikaa kwenye kigoda mbele ya kabati. Nikamshikia mdogo senene mmoja, mbele ya pua. Alifungua jicho akalifunga. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho yake tena. Mzee alikula viazi, akasema viazi si vibaya, kwa sauti ya mtu aliye msibani. Mimi nikakaa. Nilimwambia mjusi, kwa Kihaya kwa sababu mambo ya kweli nayasema kwa Kihaya, kwamba hapa hakuna wa kumkalia, taa ni yake, jiwe ni lake, na mimi si mtu wa kutikisa kichwa. Huenda hakuelewa. Lakini mimi nilijisikia mwenyewe nikisema, na maneno yale yalinishangaza.

Kisha asubuhi moja alifungua jicho na hakulifunga. Alinyoosha shingo. Ulimi ukatoka, mnene kama wa ndama, na senene akaondoka kwenye vidole vyangu. Mguu mmoja ulibaki nje ya mdomo ukipiga mateke, ukaingia nao.

"Mzee!"

Alikuja mbio, mikono bado ina maji.

"Amekula?"

"Amekula."

Tukasimama wote wawili tukimtazama anavyotafuna, wazee wazima, kama watu wanaotazama mpira. Akachukua wa pili. Mzee akakohoa kidogo.

"Basi na mimi..."

"Bado hajashiba."

Siku ile nilimpigia yule binti mimi mwenyewe, kwa salio langu. Nilisema neno fupi: "Anakula. Panda ndege."

Walifika Krismasi ikinukia. Mama Duka alivaa miwani myeusi mikubwa, na yule binti alikuwa ametuzidi sisi wote kwa urefu. Aliingia moja kwa moja hadi kwenye kabati akapiga magoti.

"Hata shikamoo hakuna?" bibi yake akamkemea.

"Mwache," nikasema. "Atatuamkia sisi baadaye. Hatuna haraka ya kukua."

Alimtoa mdogo akamweka kifuani, naye akajibapiza pale pale kama kwenye kahawa. Mkubwa, kule kwenye sanduku lake, alitikisa kichwa, na hakuna aliyempungia mkono. Mzee wangu akaanza kueleza jinsi *yeye* alivyomponya: mkeka, mwewe, mawingu, unyevu wa kahawa. Kila akimaliza jambo alitikisa kichwa. Nilimwacha. Mwewe kweli alimfukuza yeye.

Mama Duka alikaa karibu na mlango. Hakuwatazama mijusi hata kidogo. Kwa yale macho mapya alikuwa anamtazama mtoto.

"Bibi," binti akasema bila kugeuka, "lile dirisha la juu, la dukani, bado linapata jua la asubuhi?"

"Linapata," Mama Duka akajibu.

"Basi kabati hili tuliweke pale. Huyu akae humo, mkubwa abaki na sanduku. Mwakani nikija nitalipaka rangi."

Mama Duka akavua miwani akafuta macho, jambo ambalo daktari amemkataza. Kisha akaninong'oneza kwa Kihaya ili mtoto asielewe.

"Dada, amesema mwakani."

"Nimesikia. Masikio yangu hayana utando."

Walikunywa chai, Mama Duka akala ndizi, senene akakataa kwa sababu hali kitu chenye miguu. Kirikuu kikabeba sanduku, kikabeba na kabati. Vyeti vya mzee vimebaki chini ya kitanda mpaka leo, na bado vimesainiwa.

Jioni nilikaanga senene wa mwisho wa msimu. Niliweka sahani mbele ya mzee, kama siku zote, nikageuka niende jikoni. Hakugusa. Alikuwa anatazama ukutani, pale lilipokuwa kabati, palipobaki alama nyeupe. Kisha akaisukuma sahani upande wangu wa meza.

"Anza wewe, Mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Anza. Yule mtoto ana simu, asije akasema na mimi nimekukalia nichukue joto."

Nikaketi. Nikachukua mmoja kwa vidole, nikamtia mdomoni, nikatafuna. Kisha nikaacha kutafuna.

"Mzee. Chumvi imezidi."

"Naijua," akasema.

"Tangu lini?"

Akasogeza kopo la maji katikati ya meza, mahali ambapo mkono wangu ungelifikia.